Presha ipi? Neno moja na macho ya shangazi yangu

Shangazi yangu alifundisha katika shule za msingi za Meru kwa miaka 34. Wanafunzi wake wa zamani wametapakaa kuanzia Nkubu hadi Maua, na hata leo apitapo sokoni wanaume wenye mvi husimama kando ya njia na kumwita "Mwalimu", kana kwamba bado anashika chaki. Mwezi wa Agosti mwaka uliopita alinijia Embu, ninakoishi na kufundisha, kwa ajili ya harusi ya mjukuu wake. Asubuhi ya siku ya pili nilimkuta sebuleni ameshika gazeti. Alilisogeza hadi karibu na pua, kisha akalipeleka mbali kadiri mkono wake ulivyofika, kisha akafumba jicho la kulia akatulia.

"Mwanangu," akaniambia, "gazeti lenu siku hizi linachapishwa kwa wino hafifu."

Nililichukua gazeti lile nikalitazama. Wino ulikuwa mweusi tititi.

Nilipomsaili zaidi alikiri kwamba jicho la kushoto lilikuwa limeingiwa na ukungu kwa muda wa wiki tatu hivi, na kwamba kila alfajiri aliamka na maumivu ya kichwa upande wa kisogoni ambayo yalipungua jua lilipopanda. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kujitibu kwa maneno: ni mtoto wa jicho, umri umefika, ana miaka 68. Nami, ambaye shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu wala si ya tiba, nilikubaliana naye. Tulingoja harusi ipite, kisha nikampeleka kwenye kliniki moja ya macho mjini, nikitarajia kwamba tutarudi na miwani au na tarehe ya upasuaji.

Mtaalamu aliyetupokea alimtia matone ya kupanua mboni, akatuambia tusubiri nusu saa. Alipomrejea, alichungulia ndani ya macho yale kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani ni lazima. Hakusema lolote kuhusu mtoto wa jicho. Aliuliza, "Mama, presha yako ikoje?"

Shangazi alijibu kwa sauti ya mtu anayelijua somo lake: "Presha yangu ni nzuri. Ilipimwa, nikaambiwa iko sawa kabisa."

"Ilipimiwa wapi?"

"Machoni."

Mtaalamu yule aliweka kurunzi yake chini, akachukua kile kitambaa cha kufunga mkononi, akampima. Mashine ilisoma 226 kwa 134. Alipima tena mkono wa pili, na tofauti haikuwa ya kutaja. Katika muda wa saa moja tulikuwa tumekwisha kufika hospitalini, na shangazi alilazwa kwa siku tano.

Nimeusimulia mkasa huu kwa sababu nilitumia siku hizo tano kitandani pake nikimwuliza maswali, na majibu yake yalinionyesha kwamba kilichomponza hakikuwa uzembe. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amegunduliwa katika zahanati kuwa na shinikizo la juu la damu, akapewa vidonge, akavimeza kila siku kwa nidhamu ya mwalimu. Kisha kukaja siku ya upimaji wa macho karibu na kwao. Alikwenda kutafuta miwani ya kusomea. Kijana mmoja alimpima kwa kifaa kinachopuliza hewa jichoni, akamwambia kwa furaha, "Presha yako iko sawa kabisa, mama." Shangazi alirudi nyumbani, akawatangazia wote kwamba amepona, akavitia vidonge ndani ya mtoto wa meza. Vilikaa humo miezi kumi na mmoja.

Kijana yule hakusema uongo. Alikuwa amepima shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho, lile ambalo likizidi huweza kuleta glakoma, na ambalo watu wetu wote huliita "presha ya macho". Lilikuwa sawa kweli. Lakini sentensi yake ilikuwa imekatwa mkia. Alipaswa kusema "presha ya jicho", naye akasema "presha" tu, na neno hilo liliposafiri kutoka kinywani mwake hadi sikioni mwa shangazi likabadilisha maana njiani. Katika darasa la isimu tungeuita mfano huu polisemia, tukaupigia mstari ubaoni, tukaendelea na mada nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba polisemia inaweza kumpofusha mtu.

Naomba wasomaji wa safu hii, hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, wanivumilie niyatenganishe mambo haya mawili, kwa kuwa sidhani shangazi yangu ni wa kwanza wala wa mwisho.

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za ateri inapopita. Kila mtu aliye hai analo. Hupimwa mkononi, na huandikwa kwa tarakimu mbili: ya juu ni ya wakati moyo unapojikaza, ya chini ni ya wakati moyo unapolegea. Kwa mtu mzima kipimo cha 120 kwa 80 huhesabiwa kuwa kizuri. Likifika 140 kwa 90 na kudumu hapo, hayo ni maradhi. Likivuka 180 kwa 120 mtu huyo amekaribia hatari kubwa. Shinikizo la jicho ni jambo jingine kabisa. Ni la maji maangavu yanayotengenezwa ndani ya jicho na kutoka humo kwa vijitundu vyake, nalo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21. Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba yote mawili hupimwa kwa kizio kimoja, milimita za zebaki. Mtu mmoja anaweza kuwa na moja bila jingine, anaweza kuwa nayo yote, na dawa ya hili haitibu lile. Hapo niongeze onyo dogo. Nimesikia majirani wakiazimana matone ya glakoma kama waazimanavyo chumvi. Baadhi ya matone hayo huingia katika damu, yakapunguza mapigo ya moyo na kumbana kifua mwenye pumu. Yaacheni kwa mwenyewe aliyeandikiwa.

Sasa, kama maradhi ya shangazi yalikuwa ya damu, kwa nini mtaalamu aliyagundua jichoni? Jibu lake ni la ajabu, nami nalieleza kama nilivyoelezwa na daktari wa wodi ile, mtu mwenye subira nyingi.

Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina, ndio unaoupokea mwanga na kuugeuza kuwa habari za kupelekwa ubongoni. Utando huo una ateri na vena ndogo ndogo, nyembamba kama uzi. Mahali pengine pote mwilini mishipa ya namna hiyo imefichwa na ngozi, nyama au mfupa. Katika jicho peke yake daktari anaweza kupenyeza mwanga kupitia mbonini akaiona wazi, ikiwa hai, damu ikipita ndani yake, bila kumpasua mtu. Kwa hiyo jicho ni dirisha. Mishipa ya figo na ya ubongo inafanana sana na hiyo ya retina, na yaliyoipata hii aghalabu yameipata na ile.

Shinikizo linapopanda, ateri hizo ndogo hujikaza ili kuilinda tishu iliyo mbele yake isilipukiwe na wimbi la damu. Zikijikaza miaka nenda miaka rudi, kuta zake huwa nene na ngumu, na mwanga ukizimulika hung'aa kama waya wa shaba, hatimaye kama waya wa fedha. Pale ateri inapokatiza juu ya vena, mishipa hiyo miwili huwa imefungwa ndani ya ala moja. Ateri iliyokakamaa huikandamiza vena, na vena huonekana kama imebanwa kiunoni. Hatua hizo zote mgonjwa hazisikii. Haoni kiwi, hasikii maumivu, anasoma gazeti lake kama kawaida.

Shinikizo likizidi mno, au likipanda kwa ghafla, kinga hiyo huvunjika. Damu huvuja na kutanda kati ya nyuzi za neva, na kwa kuwa nyuzi zenyewe zimelala kama manyasi yaliyopigwa na upepo, madoa ya damu huonekana kama ndimi za moto. Sehemu zilizokosa damu huvimba na kuacha alama nyeupe mithili ya vinyweleo vya pamba. Majimaji yenye mafuta huchuja kutoka mishipani na kukauka katikati ya retina kwa umbo la nyota. Mwisho wa yote huvimba kichwa cha neva ya jicho, mahali neva hiyo inapoingilia. Daktari aonapo uvimbe huo katika macho yote mawili, hamwambii mgonjwa arudi wiki ijayo. Humlaza siku iyo hiyo, maana ubongo, moyo na figo vimo katika hatari ile ile.

Macho ya shangazi yalikuwa na ndimi za moto, pamba na uvimbe. Kadhalika, katika jicho la kushoto, tawi moja la vena lilikuwa limeziba palepale ateri ilipolikatiza. Ndiyo sababu jicho hilo liliathirika zaidi.

Nilishangaa nilipoona kwamba hawakufanya haraka kulishusha shinikizo lile. Nilitaka lirudi 120 kabla ya jua kutua. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea shinikizo kubwa ukinyimwa kwa ghafla, ubongo na neva ya macho hukosa damu ya kutosha, na mtu huweza kupooza au kupofuka kwa sababu ya tiba yenyewe. Hupunguzwa takriban robo katika saa za mwanzo, kisha polepole. Basi yule anayepimwa dukani, akaogopa, akarudi nyumbani na kumeza vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, anajitafutia balaa la pili.

Maarifa haya si mageni. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alichapisha habari za chombo alichokibuni cha kutazamia ndani ya jicho, na tangu hapo retina ya mtu aliye hai haikuwa siri tena. Mwishoni mwa karne hiyo Marcus Gunn, daktari wa macho mjini London, alieleza jinsi ateri zilizokakamaa zinavyozibana vena. Mwaka 1939 madaktari watatu wa Mayo Clinic nchini Marekani, Keith, Wagener na Barker, waliwagawanya wagonjwa wao wa shinikizo katika makundi manne kulingana na yale waliyoyaona machoni mwao. Baada ya miaka mitatu, katika kundi la kwanza watu 70 katika kila 100 walikuwa bado hai. Katika kundi la nne, lenye uvimbe wa neva ya jicho, walibaki 6 katika kila 100. Wakati huo hapakuwa na dawa ya maana. Hata Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, aliyekuwa na kila aina ya daktari, alifariki Aprili 12, 1945 kwa kuvuja damu ubongoni huku shinikizo lake likisoma 300 kwa 190. Kwa hiyo nikimtazama shangazi akinywa uji wodini, namshukuru Mola na vile vidonge vidogo ambavyo rais yule hakuvipata.

Huenda msomaji akasema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu na ya matajiri. Dhana hiyo ina historia yake hapa kwetu. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliyefanya kazi katika eneo la Kavirondo Kusini upande wa Kisii, aliandika katika jarida la Lancet kwamba alikuwa amewapima Waafrika 1,000 na kukuta kwamba shinikizo lao halikupanda kwa umri kama la Wazungu, na kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la juu. Sina sababu ya kumtilia shaka. Wazee wale walikula mtama na wimbi, chumvi ilikuwa adimu, na miguu ilikuwa ndiyo gari. Lakini mambo hayakudumu hivyo. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba shinikizo la wahamiaji hao lilipanda katika muda wa miezi tu, huku chumvi katika mikojo yao ikiongezeka. Damu ilikuwa ile ile. Yaliyobadilika ni maisha.

Kufikia mwaka 2015, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja maishani. Na kati ya wale waliokuwa nalo, waliojua kwamba wanalo walikuwa takriban 16 tu katika kila 100. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa hao wachache wanaojua, tena miongoni mwa wachache zaidi wanaomeza dawa, na bado neno moja likamtoa humo.

Hapa ndipo nataka kurudi katika uwanja wangu, maana nimekwisha kuazima wa madaktari kiasi cha kutosha.

Neno "presha" lilitufikia kutoka Kiingereza, likaingia Kiswahili, likapita likaingia Kimeru na Kiembu bila kubisha hodi. Si kosa. Lugha zote hukopa, na neno lililokopwa huwa mali ya aliyelikopa. Lakini tumelibebesha mzigo usiolingana na mabega yake. Gurudumu lina presha. Mtihani unampa mwanafunzi presha. Mwalimu mkuu anatiliwa presha na wazazi. Jicho lina presha, na damu ina presha. Kisha, kwa namna ya pekee, tumeligeuza jina la kipimo kuwa jina la ugonjwa: husema "Fulani ana presha", kana kwamba sisi wengine hatuna. Asiyekuwa na shinikizo la damu kabisa ni maiti.

Matumizi haya yana matokeo. Kwa kuwa presha ni pia dhiki ya moyo, watu wengi husadiki kwamba ugonjwa huu ni wa wenye mawazo, na asiye na deni wala ugomvi hana haja ya kupimwa. Kwa kuwa husemwa "inapanda" na "inashuka", wengi hungoja waisikie ikipanda ndipo wameze kidonge, nayo haisikiki. Na kwa kuwa husemwa "iko sawa", mtu huelewa kwamba imekwisha, hali iko sawa kwa ajili ya dawa anazomeza. Tumeambiwa mara nyingi kwamba wagonjwa wetu ni wakaidi. Mimi nadhani wengi wao ni wanafunzi wazuri wa sentensi mbaya.

Tunalo neno sanifu, "shinikizo la damu", nalo ni zuri kwa sababu linajieleza: hutaja kinachoshinikiza. Simlazimishi mama wa sokoni Chuka aliseme. Huo ungekuwa ulimbukeni wa kisomi, na katika kazi yangu nimeuona wa kutosha. Aseme presha. Lakini anayepima, awe daktari, muuguzi au kijana wa miwani, anao wajibu wa kuimaliza sentensi: presha ya damu, au presha ya jicho. Ni neno moja zaidi. Halimgharimu serikali hata ndururu.

Hata shuleni tumevitenga viungo hivi kana kwamba vilikuwa vya watu wawili. Katika mtaala wa 8-4-4, ambao sasa unaondoka, mwanafunzi wa Baiolojia alisoma mzunguko wa damu katika Kidato cha Pili na jicho katika Kidato cha Nne. Katika somo la jicho alichora lenzi, akajifunza kuona karibu na kuona mbali, akapata alama zake. Sijui ni walimu wangapi walioinua chaki na kusema: kumbukeni zile ateri za miaka miwili iliyopita, zimo humu pia. Walioifanya kazi hiyo nawapa heko. Wanaotayarisha masomo ya mtaala mpya bado wana nafasi.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo nisipolitaja nitaonekana mwoga. Milima ya Nyambene inaishi kwa miraa, na nyanda za Mbeere kule Embu zinaishi kwa muguka. Karo yangu mwenyewe ya shule ya upili ilitoka katika vitita vya miraa, kwa hiyo msitarajie nijiunge na wale wanaoitukana. Mwezi wa Mei mwaka 2024, baadhi ya kaunti za Pwani zilipojaribu kuupiga muguka marufuku, niliyasikia mengi yaliyosemwa kuhusu wakulima wetu, na mengine hayakuwa ya haki. Lakini kemia haina kabila. Majani hayo yana kathinoni, kemikali iliyo jamaa ya amfetamini, nayo hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa saa kadhaa baada ya mtu kutafuna. Kijana mzima huenda asidhurike kwa siku hiyo. Mzee ambaye shinikizo lake ni 170 tayari, anayekesha akitafuna na kuzimua kwa soda, anaongeza petroli juu ya moto. Mtu huyo angalau aambiwe. Mimi nina wajomba wawili ambao hawajaambiwa na yeyote isipokuwa mimi, na wao hunijibu kwamba daktari wa maneno si daktari.

Chumvi nayo ni habari ndefu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyofichwa ndani ya mkate, soseji na vile viungo vya pakiti tunavyovimimina katika githeri. Yeyote aliyekula nyama choma mahali popote katika barabara ya Embu kwenda Meru anajua kwamba kile kichuguu cha chumvi kilichowekwa kando ya ubao ni zaidi ya kijiko.

Na kwa walimu wasichana, na wale wanaowalea wasichana: mwanamke aliyevuka wiki ya 20 ya ujauzito, akiumwa kichwa kisichotulia, akaona cheche au vimulimuli, au macho yakaingia ukungu, asiambiwe kwamba ni uchovu. Hizo huweza kuwa dalili za shinikizo la mimba linaloelekea kwenye kifafa cha mimba, na kinachoathiriwa ni jicho lile lile na mishipa ile ile. Apelekwe hospitalini siku hiyo, usiku huo ikibidi.

Kupimwa si jambo la safari tena. Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya wa vijijini, wapatao 100,000 nchini, walikabidhiwa mikoba yenye mashine ya kupimia shinikizo la damu. Huyo wa kijiji cha shangazi ni binti mmoja aliyewahi kumfundisha katika darasa la tatu. Kwa mwenye shinikizo la juu, kutazamwa retina ni nyongeza ya busara, na aliyeingiwa na ukungu wa ghafla, aliyeanza kuona viwili viwili, au aliyepoteza sehemu ya uoni wake, hata kama hasikii maumivu, asingoje harusi ipite kama nilivyomngojesha shangazi yangu. Siku zile nne bado zinanisumbua.

Baada ya miezi mitatu tulirudi kwa mtaalamu yule wa macho. Ndimi za moto zilikuwa zimefifia, pamba zimeyeyuka, uvimbe umekwisha. Jicho la kulia husoma maandishi ya gazeti bila shida, kwa miwani. La kushoto lina pengo upande wa juu ambalo tumeambiwa halitazibika. Akitazama mlango huona watu wasio na vichwa, na jambo hilo, kwa namna ambayo siielewi, humchekesha. Ateri zake zitabaki nyembamba. Vidonge ni viwili kila asubuhi, na haviwekwi tena ndani ya mtoto wa meza bali juu yake, kando ya Biblia.

Mwezi uliopita nilikuwa kwake Nkubu binti wa mikoba alipofika. Alimfunga kile kitambaa, akangoja, akatazama tarakimu, akatabasamu.

"Mwalimu, presha yako iko sawa."

Shangazi alimtazama kwa lile jicho zima. "Presha ya nini?"

"Ya damu, Mwalimu."

"Ngapi?"

"Ni 138 kwa 84."

"Iandike," akasema shangazi, akamsogezea daftari na kalamu, kisha akanituma jikoni kuleta chai.